Wenye MGB na mafundi wenu: kusaga gia si "uzee wa gari"

Wakuu,

Nimechoka kusoma kila wiki lalamiko lilelile: "MGB (lile gari dogo la michezo la Kiingereza) ni tamu ila giaboksi yake mbovu, gia namba moja inasaga, klachi haidumu." Halafu anatokea fundi anamwambia mwenye gari kwamba ndiyo kawaida, gari la mwaka 1964 lazima lipige kelele. Si kawaida hata kidogo! Magari haya yaliacha kutengenezwa mwaka 1980, na wanaoyamaliza kwa maneno hayo ndio wanaolipwa kuyatunza.

Tuanze na mguu wa kushoto. Corolla yako ina rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) ya gololi. Ukikanyaga klachi inazunguka pamoja na presha pleti, sahani ya klachi iliyofungwa kwenye injini. MGB haina gololi hapo. Ina pete ya kaboni, nyeusi kama penseli, imekaa ndani ya kikombe cha chuma, na inasugua moja kwa moja kwenye uso wa presha pleti inayozunguka. Sasa wewe umesimama kwenye mataa dakika 2, gia imeingia, klachi iko chini, injini inazunguka mara 900 kwa dakika. Pete imesuguliwa mizunguko 1,800 na gari halijasogea hata hatua. Rudia hivyo foleni nzima, kila siku, kisha uje hapa kusema spea ni feki.

Injini ikishushwa ushahidi unaonekana wazi: vumbi jeusi limetanda ndani ya nyumba ya klachi, kaboni imelika hadi usawa wa kikombe, na chuma kimeanza kuchora miduara kwenye presha pleti. Nimesema injini ikishushwa kwa sababu kwenye MGB huwezi kuteremsha giaboksi peke yake kwa chini kama ulivyozoea. Injini lazima itoke. Kipete cha bei ndogo kinakugharimu kazi ya siku nzima au zaidi.

Kwa hiyo ukisimama zaidi ya sekunde chache, weka fri, vuta hendibreki, toa mguu kwenye klachi kabisa. Mlimani usilishikilie gari kwa klachi. Hendibreki ndiyo kazi yake. Ukiondoka, injini kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika inatosha: achia hadi inaposhika, gari likianza kwenda maliza kuachia, na mguu uwekwe sakafuni. Mguu "uliopumzika tu" juu ya pedali bado unaisukuma kaboni. Na wanaowauzia watu beringi ya gololi kama dawa ya tatizo hili waache. Uma wa klachi ya MGB, mkono unaoisukuma ile pete, unasukuma kwa kupinda, hausukumi mstari ulionyooka, na nyingi ya beringi hizo zinakufa kabla ya kaboni iliyotumiwa vizuri.

La pili, namba moja. MGB za 1962 hadi 1967 hazina sinkro, yaani kile kipete kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye namba moja. Mbili, tatu na nne zinayo. Hilo si kasoro, ndivyo giaboksi ilivyoundwa, na inataka dereva anayejua. Gari likiwa limesimama kwenye fri, shafti ya ndani inazungushwa na injini. Ukikanyaga klachi haisimami papo hapo. Ukisukuma namba moja muda huohuo, meno yaliyosimama yanakutana na meno yanayozunguka, ndiyo ile kelele. Dawa yake ni nyepesi: kanyaga klachi hadi mwisho, gusisha mkono wa gia kwenye namba mbili bila kulazimisha, sinkro ya mbili itaisimamisha shafti, ndipo urudi namba moja. Inaingia kimya. Gia ya kurudi nyuma (rivasi) ni vilevile.

Gari likiwa bado linatembea, usithubutu kuitia namba moja kama Vitz. Ama simama kabisa, ama piga klachi mara mbili: kanyaga, toa gia hadi fri, achia klachi, piga resi, kanyaga tena, ingiza, achia. Ile resi lazima ipigwe klachi ikiwa juu na gia ikiwa fri, la sivyo injini inapanda peke yake na shafti inabaki pale pale. Wengi wanakosea hapo hapo, kisha wanasema mbinu haifanyi kazi.

Resi kiasi gani? Uwiano wa giaboksi hizo ni 3.637, 2.214, 1.374 na 1.000. Kutoka tatu kwenda mbili, mizunguko inazidishwa mara 1.6: uko 2,500, utahitaji kama 4,000. Watu wanapiga ka-resi ka 3,000, gia inasaga, lawama zinakwenda kwa Waingereza. Meno ya namba moja yakimeguka, vipande vinaingia kwenye oili, na kama gari lina overdraivu (kifaa nyuma ya giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo mkubwa), oili ni hiyohiyo moja.

Hapo ndipo ninapowakasirikia mafundi zaidi. Kiwanda kilitaka oili ya injini ya 20W-50 ndani ya giaboksi hii. Ndiyo, ya injini! Oili nzito ya difu ni ya difu. Mkiimimina kwenye giaboksi, sinkro zinateleza badala ya kushika, overdraivu inasuasua, na mwenye gari anauziwa "overhaul" asiyoihitaji.

Kabla ya kuilaumu giaboksi, pimeni klachi kama inaachia. Injini ikiwaka, kanyaga, hesabu hadi 5, ingiza rivasi. Ikisaga, klachi inaburuza. Mtu mmoja akanyage, mwingine aingie chini apime fito ya silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi: inatakiwa isogee karibu nusu inchi. Ikipungua, angalieni kwanza pini ya pedali na tundu lake. Tundu linalika hadi linakuwa na umbo la yai, na klachi hii haina skrubu ya kurekebishia, kwa hiyo kila ulegevu wa pale juu ni mwendo uliopotea kule chini. Kisha hewa kwenye mfumo, mipira ya masta (silinda ya juu, kwenye pedali), na paipu ya mpira.

Anayetaka kulalamika kwenye uzi huu alete mwaka wa gari, oili iliyomo, lina overdraivu au halina, na kipimo cha ile fito kwa milimita.