Ipi rahisi kuinstoli programu, Windows, Linux au Mac? Nina steshenari na bando ni la kupima

steshenari_kihonda

Wakuu habari za jioni. Nina kasteshenari kangu huku Moro, kompyuta 4 za mezani, za zamani kidogo, RAM 4GB kila moja na zote zina Windows 10. Kazi ni zilezile mnazozijua, kuchapa barua na CV, kopi, kujazia watoto maombi ya vyuo na mkopo wa bodi, picha za pasipoti, msimu ukifika kadi za harusi na kipaimara.

Shida yangu kila nikitaka kuweka programu mpya ni mtihani. Wiki iliyopita mteja kaja na vyeti 7 vya PDF anataka viwe faili moja, nikagugo, nikaona kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa danlodi nikabonyeza, kumbe kile ni tangazo, programu yenyewe ilikuwa kwenye kimaandishi kidogo chini yake. Ikaingia kitu kingine kabisa, brauza ikabadilika, matangazo ya ajabu yanaruka na mteja amekaa hapo hapo anayaona. Mteja kaondoka, mashine nimehangaika nayo hadi jioni.

Sasa apdeti za Windows 10 ndo zilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na fundi ameniambia mashine zangu haziwezi kupokea Windows 11 kihalali maana hazina hiyo TPM 2.0 (kachipu ka usalama). Kijana mmoja wa chuo anasema niweke Linux, unaandika mstari mmoja programu inaingia. Mteja mwingine mwenye Mac anasema yeye anaburuta tu kwa mausi basi. Mimi sio mtu wa IT. Nauliza kwa moyo mmoja, kwa mtu kama mimi anayetumia intaneti ya simu na kuhesabu MB, ipi kweli haisumbui kuweka programu? Naomba msinijibu kishabiki.

fundi_wa_mtaa

Mkuu pole sana kwa hilo la kitufe cha kijani, nimesafisha mashine nyingi zilizopita njia hiyo hiyo.

Ila hapo shida ni njia, sio Windows yenyewe. Kwenye simu ukitaka programu unaingia Play Store, ukitumiwa APK na mtu usiyemjua WhatsApp unaogopa, sasa kwa nini kwenye kompyuta tunakubali kuokota exe (faili la kuinstolia programu) barabarani? Ni kama dawa, ipo ya duka la dawa na ipo ya yule anayeiuza kwenye basi, zote zimo kwenye chupa yenye lebo. Windows ilituzoesha kuokota miaka mingi, duka lao wenyewe lilikuja 2012 na Windows 8 na watu tayari mkono ushazoea kugugo.

Kuna kitu kinaitwa winget, cha kuwekea programu kwa kuandika, Microsoft walikitoa 2020 na kwenye Windows 10 ya karibuni kipo tayari. Fungua Start andika cmd, likija dirisha jeusi andika

winget install VideoLAN.VLC

VLC (ya kuchezea video) inashuka kutoka kwa wenyewe na kujipanga, hukutani na kitufe cha kijani wala cha njano. Kutafuta ni winget search halafu jina, kwa hiyo PDF yako andika winget search pdfsam, hiyo ni programu ya kuunganisha PDF. Ipo pia winget upgrade --all ya kuapdeti vyote kwa mpigo lakini kwa bando lako usiipige ovyo, programu nyingi za Windows zikiapdeti zinashusha faili zima upya, LibreOffice (ile Office ya bure) peke yake ni kama MB 350.

Na exe ina faida moja ambayo watu wa Linux huwa hawaisemi, ukishaidanlodi mara moja unaiweka kwenye flashi unaizungusha mashine zote 4, neksti neksti finishi, MB umelipa mara moja tu.

mwl_maabara_tanga

Ndugu yangu wa Kihonda mimi ni mwalimu, maabara yetu ya shule ina kompyuta 18 za msaada, RAM 4GB kama zako, na tangu 2021 zote zina Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Hili jambo naliishi kila siku kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Alichosema fundi kuhusu duka la dawa ni kweli tupu, ila angemalizia, kwamba hilo duka watu wa Linux walikuwa nalo zamani. Apt, ile amri ya kuwekea programu, ilitoka na Debian 2.1 (Linux nyingine ya zamani) mwaka 1999, duka la programu la iPhone lilikuja 2008, yaani miaka 9 baadaye. Mint na Ubuntu zimejengwa juu ya Debian ndo maana zote zinatumia apt. Ghala liko moja, kila kifurushi kinatambulika kwa saini, ukiandika

sudo apt install pdfarranger

kompyuta inaenda ghalani yenyewe, inahakiki saini, inaleta programu pamoja na vyote inavyovitegemea. Hapo kwenye kutegemea ndo penye utamu. Wewe wa Windows lazima ushakutana na ule ujumbe kwamba VCRUNTIME140.dll haipo, halafu unaanza kuitafuta hiyo dll kwenye tovuti usizozijua, na hapo ndo virusi vinakukuta. Apt inajua pdfarranger inahitaji nini, kama kipo kwenye mashine haikishushi tena, na ndo maana programu nyingi zinakuja na MB chache sana kwa sababu zinagawana vitu. (Hiyo pdfarranger ndo dawa ya vyeti vyako 7, unaburuta PDF unazipanga unasevu faili moja, nzuri sana.) Kama hupendi kuandika, Mint ina Software Manager, unabonyeza tu kama Play Store.

Sasa upande mchungu. Fundi yuko sahihi kuhusu flashi. Ukibeba deb moja (faili la programu la huku kwetu, kama exe) ukaipeleka kwenye mashine isiyo na intaneti itakuuliza wenzake wako wapi, na wenzake nao wana wenzao, mwaka wa kwanza hapa shuleni nilikaa jumamosi mbili nzima nafukuzana na hivyo vifaili. Kilichotuokoa ni apt-cacher-ng. Kompyuta moja unaifanya stoo, unaandika sudo apt install apt-cacher-ng, basi. Zile nyingine unatengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy ndani yake mstari mmoja

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

hiyo 192.168.1.10 weka namba ya mashine yako ya stoo. Kuanzia hapo ya kwanza ikishusha kitu, nyingine 17 zinachukua stoo na bando haliguswi. Kwako wewe mwenye 4 ni swichi ndogo na waya tatu nne tu, au hata ruta ya bei poa.

kijana_wa_repo

Shikamoo mwalimu. Naongezea mawili na kurekebisha moja.

La kwanza, Flatpak, aina nyingine ya vifurushi vya programu, ghala lake linaitwa Flathub. Kwenye Software Manager ya Mint programu moja unaweza kuiona ya aina mbili, ya mfumo wenyewe na ya Flathub. Ya Flathub huwa mpya zaidi lakini mara ya kwanza inashuka na mzigo wake wa msingi, unaweza kukuta programu ndogo inaomba mamia ya MB. Kwa bando la kupima chagua ya mfumo kwanza, ya Flathub uichukue pale tu unapohitaji toleo jipya kweli. Na ile stoo ya apt-cacher-ng haihifadhi Flatpak, inahifadhi za apt tu.

La pili kuna Snap, vifurushi vya namna hiyo vya watu wa Ubuntu. Ubuntu tangu 22.04 hata Firefox inakuja kwa Snap, ukiandika apt install firefox bado unaletewa Snap, na mara ya kwanza kuifungua inachelewa maana imebanwa inabidi ifunguliwe kwanza. Mint walikataa hilo tangu toleo la 20 mwaka 2020 wakaifunga, kwa hiyo mwalimu kachagua vizuri kwa mashine dhaifu.

Marekebisho, kuna watu watakwambia deb ulizoshusha zinabaki /var/cache/apt/archives ukazikopi kwenye flashi. Zinabaki ukitumia apt-get. Ukitumia apt ya kawaida ikimaliza kuinstoli inazifuta, watu wanaenda kwenye folda wanakuta peupe wanachanganyikiwa. Andika sudo apt-get install -d halafu jina, inashusha tu bila kuinstoli. Mashine zote ziwe toleo moja la Mint lakini.

mwl_maabara_tanga

Marahaba kijana. Hilo la apt-get ni kweli kabisa, asante kwa kulisema.

kisauni_mac

Niongee kidogo upande wa Mac maana mie ndio niitumiayo hapa Mombasa kwa kazi ya kuhariri video.

Huyo mteja wako hakudanganya, unafungua dmg (faili ijayo na programu), unaburuta programu mpaka folda ya Applications, yamekwisha. Lakini wengi huifungua programu humo humo ndani ya dmg bila kuiburuta, kesho akiizima mashine aitafuta haioni. Pia ukiitupa programu kwenye taka yaacha vifaili vyake kwenye folda ya Library, haiondoki yote. Halafu tangu 2012 kuna mlinzi aitwa Gatekeeper, programu ambayo mtengenezaji hakujisajili kwa Apple yazuiwa. Zamani ulikuwa wabonyeza kulia wapita, tangu macOS Sequoia ya 2024 sharti uende Settings, Privacy & Security, ushuke mpaka chini uiruhusu. Mie nausifu huo ulinzi, umenikinga.

Ila ndugu yangu kwa steshenari yako sikushauri, bei ya Mac moja ingekununulia mashine kadhaa za kutosha kazi hiyo. Fuata njia ya mwalimu.

steshenari_kihonda

Nawashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Kinachonitia hofu ni viwili. Kadi zote za harusi za miaka minne nimezitengeneza kwa Publisher, na printa yangu inaskani kwa programu ya kampuni yake ambayo ilikuja na CD ya Windows. Na wateja wanaleta docx, nisije nikaifungua ikavurugika mbele yake.

mwl_maabara_tanga

Docx, sehemu kubwa ya kuvurugika ni fonti. Weka hizi mbili

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito

ya kwanza inaleta Times New Roman na Arial (itakuonyesha masharti ya leseni, tumia tabo kufika kwenye OK halafu enta), ya pili ni Carlito ambayo vipimo vya herufi zake ni sawa na Calibri kwa hiyo mistari haihami. CV yenye majedwali mengi bado ikague kabla ya kuprinti, hapo sikufichi.

Publisher, LibreOffice Draw inafungua hizo faili lakini mpangilio unaweza kusogea, kadi zenye mapambo mengi utazirekebisha kwa mkono. Ila jua Microsoft wenyewe wameshatangaza Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo kuhama utahama tu. Zihifadhi zote kwa PDF sasa hivi ukiwa bado unayo.

Printa usikisie. Faili la Mint ni karibu GB 3, lishushe usiku bando likiwa la bei nafuu, liweke kwenye flashi uiwashe mashine kutoka kwenye flashi bila kuinstoli chochote, chomeka printa, jaribu kuprinti na kuskani. Ikikubali hapo, na ukiinstoli itakubali.

fundi_wa_mtaa

Nakubaliana na mwalimu, na mimi nasema bakiza moja Windows kwa ajili ya Publisher na tovuti zozote zinazotaka Windows. Hiyo moja, maana apdeti zake zimekwisha, usiifanyie mambo ya benki wala usiingize flashi za wateja. Na tafadhali mkuu achana na Office za kreki, zile aktiveta ndo mlango mkubwa wa virusi kuliko hata hicho kitufe.

steshenari_kihonda

Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki 2. Nilijaribu kwa flashi, kuprinti ilikubali papo hapo bila CD yoyote, kuskani ikagoma kwenye programu moja ikakubali kwenye ile inayokuja na Mint yenyewe. Nimeweka Mint kompyuta 3, ya 4 imebaki Windows na Publisher. Stoo ya apt nimeiweka, kijana wa chuo alinisaidia kwenye ile namba, pdfarranger ilishuka mara moja ikaingia zote tatu na bando halikutikisika. Jana nimeunganisha vyeti vya watu 11 wa ajira za ualimu. Kadi bado, nazihamisha moja moja.

Swali moja la mwisho. Dada anayenisaidia dukani akitaka kuweka programu inamuomba pasiwedi, nimpe?

mwl_maabara_tanga

Hapana. Mtengenezee akaunti yake ya kawaida, kazi zote za kila siku atafanya bila pasiwedi yako, itaombwa pale tu pa kuinstoli kitu kwa ajili ya mashine nzima. Akihitaji programu akupigie uiweke wewe. Hata wewe ungekuwa na akaunti ya hivyo siku ile ya vyeti 7, kile kitu kisingepata njia ya kuingia kwenye mfumo wote.