Mrejesho: kozi ya Kiingereza cha kuongea kwa wapagazi, Moshi

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza nipangeje kozi ya mazungumzo kwa wapagazi wa Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongozaji, wakati mimi naamini mtu aongee kwanza, sarufi itafuata. Wengi mlishauri nianze na nyakati za vitenzi. Sikuanza nazo, na sijutii.

Kila kipindi kina kazi moja ya kweli. Mfano: mgeni kafika kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, kichwa kinamuuma, umhoji ujue kama ni uchovu au ugonjwa wa mwinuko. Mmoja anashika kadi yenye dalili, mwenzake haioni, kwa hiyo lazima waulizane. Aliyependekeza zoezi la 4/3/2 amenisaidia sana: mtu anasimulia jambo lilelile kwa dakika nne, anabadilisha msikilizaji, tatu, kisha mbili. Raundi ya mwisho maneno yanatiririka. Makosa nayaandika pembeni, tunayapitia ubaoni mwishoni. Ukimkatiza mtu katikati ya sentensi, ananyamaza hadi jioni.

Kiswahili sijakipiga marufuku. Wanapanga kwa Kiswahili, wanaigiza kwa Kiingereza. (Najua kuna walimu watanuna.)

Kinachosumbua ni mahudhurio. Kiangazi kikiingia, Juni hadi Oktoba, wanafunzi wanapanda mlimani kazini, hivyo kila somo linajitegemea. Mtihani wa kuandika nimeufuta. Badala yake watamtembeza mgeni asiyejua Kiswahili soko la Mbuyuni, nami nafuata nyuma nasikiliza.