Kikundi cha "Ukoo wa Bibi Kirumba": nani ashike jiko?

Shangazi: Habari za asubuhi wapendwa. Bibi ametoka kliniki, ni yale magoti. Daktari kakataza kusimama jikoni kutwa. Sasa tuzungumze habari ya hoteli yake ya chakula, maana mimi najua kaunta tu.

Baba Mdogo Dar: Pole mama. Nilishasema, tupangishe ile fremu, tule kodi, mama apumzike.

Bibi: Pangisha ya kwako.

Dada Mkubwa: 😂😂😂

Kaka wa Chuo: Shikamoo Bibi. Mimi nipo tayari, namaliza mafunzo Ijumaa. Naomba unitumie vipimo vya mchemsho.

Bibi: Marahaba mume wangu. Vipimo gani? Mchemsho ule umeletwa na shida. Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, mafuta ya kula yalipotea madukani hata kama hela unayo. Nilikuwa na meza mbili na benchi za kuazima, wateja wangu makuli wa bandarini. Utamkaangia nini mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri? Nikachukua sato, nyanya, kitunguu, ndizi mbichi, chumvi, nikachemsha. Mafuta yaliporudi wakamkataa wa kukaanga.

Binamu Nyakato: Kumbe! Sisi tulijua ni wa kutoa mning'inio wa pombe tu 🙈

Bibi: Wewe ndiyo kazi yako.

Shangazi: Mama waambie na ya sangara.

Bibi: Sangara mwanzoni watu walimdharau, mafuta mengi. Vikaja viwanda vya minofu, akawa wa kupanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa. 1999 Ulaya wakafunga soko kwa ajili ya uvuvi wa sumu, mnofu ukashuka bei. Ndipo nikaanza sangara wa nazi, hadi watu wa benki wakaja na tai zao. Siku hizi mnunuzi anaulizia bondo, lile puto la tumboni, kwanza, samaki baadaye.

Baba Mdogo Dar: 1996 si ulifunga mama? Nilikuwa mdogo.

Bibi: Sikufunga. Meli ya MV Bukoba ilipozama mwezi wa tano, wateja wangu hawakutaka kuona samaki wa Ziwa Victoria hili mezani. Nikapika maharage na kuku. Hayo tuyaache.

Dada Mkubwa: Mungu awarehemu 🙏

Kaka wa Chuo: Basi Bibi nianzie wapi?

Bibi: Mwaloni, soko la samaki. Uwe umefika saa kumi na moja alfajiri, kabla wenye magari hawajachagua. Usinunue kwa macho, samaki wote wanang'aa wakimwagiwa maji. Mfunue shavu, ndani pawe pekundu, pasiwe pa kahawia wala utelezi mzito. Mbonyeze ubavuni kwa dole gumba. Nyama ikirudi, mchukue. Shimo likibaki mwachie mwenyewe, hata akikuita mkwe. Jikoni, sato akishaingia sufuriani mwiko kaa nao mbali. Shika masikio ya sufuria utikise, la sivyo unapakua uji wenye miiba. Ndimu baada ya kuepua.

Kaka wa Chuo: Chuoni tunatumia kipimajoto.

Bibi: Kilete. Tutapimia chai.

Binamu Nyakato: 🤣🤣 nimekufa

Shangazi: Wapishi wapo, jamani. Shida ni daftari la madeni. Bibi anajua nani analipa tarehe ya mshahara na nani anapita barabara ya nyuma. Hilo chuoni hamfundishwi.

Baba Mdogo Dar: Kwani bado mnakopesha?? Ndiyo maana nasema kodi.

Bibi: Ada yako ya sekondari ilitoka kwa hao hao wa daftari. Wakipata samaki wazuri walinilipa kwa samaki.

Dada Mkubwa: Baba Mdogo kimyaaa

Baba Mdogo Dar: Haya mama, yameisha. Jokofu linagandisha bado?

Shangazi: Linapoza kama mtungi.

Baba Mdogo Dar: Basi natuma ya jokofu jipya. Ila habari ya kodi tutaijadili Desemba.

Shangazi: Wabeja, asante. Kaka, Jumamosi saa kumi na moja mwaloni, vaa buti. Bibi atakaa kwenye kiti nje ya jiko, aelekeze tu.

Bibi: Nani kasema nje?