Naomba ushauri: mabinti wanaanguka mmoja baada ya mwingine bwenini

Habarini ndugu zangu. Mimi ni matroni wa shule ya bweni ya wasichana. Wiki iliyopita binti wa kidato cha pili alipiga yowe usiku, akisema kuna mtu amemkalia kifuani. Kabla sijamfikia, mwenzake wa dabo deka ya jirani naye alishaanza kutetemeka, akaing'ang'ania kanga yangu nikashindwa kumbandua vidole. Kufika alfajiri walikuwa 9. Zahanati wamepimwa malaria, hawana.

Nilichogundua ni kwamba wanaoanguka ni wale walioona wenzao wakianguka. Bweni la pili, ambako yowe halikufika, hakuna aliyeguswa. Nikakumbuka habari ya Kashasha, mkoani Kagera, mwaka 1962: wasichana 3 walianza kucheka bila kujizuia, wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa. Hawa wangu hawaigizi jamani. Nimewashika mikono, imelowa jasho na baridi kama maji ya mtungi.

Sasa wazazi wanataka wote wakusanywe bwenini kwa maombi ya sauti. Sipingi maombi, nami nasali. Ila nahofia kelele zile zitaamsha upya yaliyotulia, na mitihani imebaki wiki tatu.

Aliyepitia hili anisaidie: mliwatenganisha walioanza, au mliwarudisha nyumbani kwanza? Na wazazi mliwaelezaje bila mabinti kuonekana waongo?