Kazi za madaraja ya skeli pale okteva isipogawanywa katika nusu toni 12

Mwalimu wa Kwaya, Masasi

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kinadharia katika jambo ambalo vitabu vyetu vya sol-fa (do, re, mi) havilifikii. Tumefundishwa, nasi tunawafundisha wanakwaya, kwamba kila daraja la skeli lina kazi yake: do ni nyumbani, so ni mhimili wa do, fa inavuta upande wa pili, na ti haitulii mpaka ifike do. Mafundisho hayo yanasimama vizuri kwenye kinanda, ambako nusu toni zote 12, yaani hatua ndogo kabisa za kinanda, ni sawa. Sasa tunaandaa wimbo wa asili uliorekodiwa kwa simu kwa akina mama wa upande wa Newala, na daraja la tatu wanaloliimba si mi, wala si mi iliyoshushwa. Liko katikati, nao wanalirudia palepale kila ubeti, kwa hiyo siwezi kusema kwamba wanakosea. Mpiga kinanda wetu akilipandisha hadi mi, wimbo unakuwa wa Krismasi. Akilishusha, unakuwa wa msiba.

Naomba kujua: kipimo cha daraja kikibadilika, je, kazi yake inabaki ileile? Na wale wanaogawa okteva, yaani umbali wa do hadi do ya juu yake, katika sehemu 19, 24 au 31, je, kila sehemu hupewa kazi yake, au kazi zinabaki saba tu?

Kinanda, Mtwara Mjini

Mwalimu, tukubaliane kwanza kuhusu kipimo. Okteva huhesabiwa kuwa na senti 1200, hesabu iliyoenezwa na Mwingereza Alexander Ellis katika miaka ya 1880, na kila nusu toni ya kinanda ni senti 100. Tatu kubwa ya kinanda (do hadi mi) ina senti 400, tatu ndogo (do hadi mi iliyoshushwa) ina 300, na akina mama wako, kwa maelezo yako, wako jirani na 350.

Ugumu wa swali lako unatokana na kwamba katika skeli ya meja, ile ya do, re, mi ya kawaida, kazi za madaraja zina vyanzo kadhaa vilivyofungwa katika fundo moja, na aliyezoea kinanda hana nafasi ya kuvisikia kimoja kimoja. Chanzo kimojawapo ni kutolingana kwa hatua. Kati ya hatua saba za meja, tano ni za toni nzima na mbili tu ni za nusu toni, yaani mi kwenda fa na ti kwenda do. Na umbali wa kutoka fa hadi ti, ambao ni toni tatu, hupatikana mara moja tu katika skeli nzima. Ndiyo sababu sikio likisikia fa na ti pamoja hujua mara moja do iko wapi, hoja ambayo mwananadharia wa muziki Richmond Browne aliieleza vizuri mwaka 1981. Chanzo kingine ni maumbile ya sauti yenyewe: ndani ya sauti ya do tayari imo so, kwa uwiano wa mitetemo wa 3 kwa 2, ambao ni senti 702, kwa hiyo so inaitegemeza do hata kabla mtunzi hajaandika chochote. Kisha kuna matumizi, yaani noti gani inafunga ubeti, ipi inashikiliwa kwa muda mrefu, ipi inapitiwa tu.

Ukigawa okteva katika sehemu 19 zilizo sawa, kila sehemu ina senti 63 na ushei, na fundo hilo linaanza kulegea. Tatu kubwa inakuwa senti 379, ambayo iko karibu zaidi na tatu ya asili ya 5 kwa 4, yenye senti 386, kuliko ile 400 ya kinanda, kwa hiyo kodi ya do, yaani do, mi na so zikilia pamoja, inatulia kuliko tulivyozoea. Lakini hatua ya ti kwenda do inapanuka na kufika senti 126, na ti inavuta kwa ulegevu. Kati ya ti na do kunabaki noti moja, senti 63 chini ya do, isiyo mwanachama wa yale madaraja saba, na mtunzi akitaka mvuto mkali anaitumia hiyo. Hapo kazi ya kuongoza imehama kutoka daraja lake na kwenda kwa jirani.

Kwa hiyo sehemu zote 19 au 31 hazipewi kila moja kazi yake. Mtunzi huchagua skeli ndani yake, na zilizobaki huwa sura nyingine za daraja lilelile, au noti za kupita. Skeli yenyewe si lazima iwe ya madaraja saba. Paul Erlich, katika makala yake ya mwaka 1998 kuhusu mgawanyo wa sehemu 22, alipendekeza skeli za madaraja kumi ambamo kodi ya msingi ina noti nne, kwa uwiano wa 4, 5, 6 na 7. Katika mfumo huo ile noti ya nne, ambayo sisi tungeiita saba ya kodi na kuisubiri ishuke, ni mwenyeji kamili na haidaiwi kwenda popote.

Mpiga Kanuni, Mikindani

Nimesoma maelezo ya Kinanda kwa makini na sina ugomvi na hesabu zake, ila naona ameliweka la matumizi mwishoni kana kwamba ni nyongeza, na mimi ningelianza hilo. Sisi wa taarabu tuliojifunza maqamu, yaani skeli za Kiarabu pamoja na mwendo wake, tunaishi na hiyo noti ya katikati. Ichukue hiyo noti iliyo kati ya mi na mi iliyoshushwa. Katika maqamu ya Rast inayoanzia do, ni daraja la tatu. Katika Bayati inayoanzia re, noti hiyohiyo ni daraja la pili, linaloegemea kituo kutoka juu. Katika Sikah, hiyohiyo ndiyo kituo chenyewe, nyumbani pa wimbo. Sauti ni moja na kazi ni tatu.

Na kinyume chake pia ni kweli. Daraja la tatu la Rast huimbwa juu zaidi Uturuki, karibu na senti 384, na chini zaidi Misri, ilhali pande zote mbili wanalitambua kuwa ni Rast. Kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 lilibishana sana kuhusu kuigawa okteva katika robo toni 24 zilizo sawa, na wapinzani wa hesabu hiyo walikuwa na hoja, kwa sababu mwimbaji hapimi robo kwa rula.

Kinachobeba kazi katika maqamu ni mwendo. Kuna kituo, ambacho Waarabu hukiita qarar, na kuna ghammaz, noti ambayo kundi la juu la noti huanzia na ambako mwimbaji hupumzika kabla ya kupanda au kugeuza maqamu. Katika Rast ghammaz ni daraja la tano, jambo litakalomfurahisha mtu wa sol-fa. Lakini katika Bayati na Hijaz ni daraja la nne. Anayedhani kwamba mhimili wa wimbo ni lazima uwe wa tano atapotea mapema. Waajemi, kwa upande wao, wana daraja wanaloliita motaghayyer, ambalo kazi yake ni kubadilikabadilika kipimo ndani ya wimbo mmoja. Ukilinyoosha likae mahali pamoja, umelinyang'anya kazi.

Mwalimu, nakushauri usipime kwanza. Sikiliza akina mama wanamalizia wapi, wanavutia pumzi kwenye noti ipi, na hiyo noti ya katikati inafikiwa kutoka juu au kutoka chini.

Fundi Marimba, Lindi

Wakuu, kuna hali ambayo bado haijaguswa, nayo inatuhusu watu wa ukanda huu. Chukueni okteva iliyogawanywa katika hatua saba zilizo sawa au zinazokaribia kuwa sawa. Kila hatua ina senti 171 hivi. Timbila, yaani marimba za Wachopi wa kusini mwa Msumbiji, ndizo mfano unaotajwa zaidi, na mtafiti Hugh Tracey aliziandikia kitabu mwaka 1948. Katika mpangilio huo hakuna toni nzima wala nusu toni. Kila tatu ina senti 343, si kubwa wala ndogo. Ile hoja ya fa na ti inakufa kabisa, kwa sababu ukianzia kibao chochote, umbali unaokutana nao ni uleule.

Kwa nadharia ya kinanda, skeli kama hiyo ingetakiwa kukosa nyumbani. Lakini mpigaji anajua nyumbani ni wapi, na mchezaji pia anajua, maana miguu inatua hapo. Kituo kinatengenezwa na mdundo, na kurudiarudia, na mahali kiitikio kinapoangukia. Hata uimbaji wa sauti mbili unafuata njia yake: sauti ya pili inaruka daraja moja na kuimba linalofuata, na kwa kuwa hatua ni sawa, kodi zote zina ladha moja. Huwezi kusema hii ni ya furaha na ile ni ya huzuni. Nadhani hapo ndipo mpiga kinanda wa Masasi anapokwama, kwa sababu anatafuta ladha mbili kwenye wimbo wenye moja.

Kwenye karakana jambo hili linashikika kwa mkono. Kibao cha mninga ukikichonga katikati upande wa chini, sauti inashuka. Ukikipunguza nchani, inapanda. Ninapotyuni sitafuti mi. Ninagonga vibao vitatu vinavyofuatana, na nikisikia hatua moja ni pana kuliko nyingine, ninarudi kwenye kile cha kati na patasi.

Mwalimu wa Kwaya, Masasi

Nawashukuru sana. Nimerudia kusikiliza: wanamalizia do, wanapumzika kwenye daraja la nne, na lile la tatu hufikiwa kutoka juu kila mara. Nina maswali mawili ya utendaji. Je, kinanda kinyamaze kabisa? Na mwishoni, ambapo wanakwaya wamezoea kodi ya so yenye saba (so, ti, re na fa) kabla ya kufunga, niiache?

Kinanda, Mtwara Mjini

Kinanda kisicheze daraja la tatu. Kishike do na so tu, na tatu waachiwe waimbaji. Kama chenu kina sehemu ya kurekebisha skeli, kama vile vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la nchi za Kiarabu, shusheni mi kwa senti 50 na mjaribu.

Kodi ya so yenye saba ningeiondoa. Kazi yake ni kuibana fa dhidi ya ti ili zifunguke kuelekea mi na do, na wimbo wenu hauna hiyo mi ya kufungukia. Isitoshe, waimbaji wasiofuata kinanda huweza kuishusha fa ya kodi hiyo hadi senti 471 badala ya 500, mahali ambapo uwiano wa 7 kwa 4 unaituliza, na kodi iliyokusudiwa kusukuma inabaki imekaa. Kama wanapumzika kwenye la nne, tokeni hapo moja kwa moja hadi do.

Fundi Marimba, Lindi

Naongeza tahadhari moja juu ya so ya kinanda. Kama akina mama hao wanafuata hatua sawa saba, daraja lao la tano liko senti 686 na la nne liko 514, si 700 na 500. So ya kinanda ikishikiliwa kwa muda mrefu itagombana nao, na kwa kuwa kinanda kina nguvu kuliko koo, wao ndio watakaohama. Jaribuni kwanza kwa do peke yake.