Vitaa vya kubana kwenye nguo usiku: tupeane uzoefu, wewe unakibana wapi?

Wakuu, salaam. Nazungumzia vile vitaa vidogo vyenye klipu, unavibana kwenye mkanda, begi au kofia ili dereva akuone gizani. Siku hizi vimejaa Kariakoo, na machinga wanavitembeza pamoja na chaja na spika. Maoni yangu: watu wanabishana kipi kinawaka sana, wakati kinachoamua ni mahali ulipokibana. Huku kwetu jua likishazama giza halikawii, na barabara nyingi hazina taa wala njia ya waenda kwa miguu. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na taa zake za kawaida zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi. Pigeni hesabu wenyewe.

Nataka uzoefu, sio matangazo. Muuzaji akija hapa na namba ya simu tunamfukuza.

Mkimbia Alfajiri, Dar:
Natoka kwenda mazoezini saa kumi na moja alfajiri. Nikifika Daraja la Tanzanite sina wasiwasi, taa zipo. Kazi ni kutoka nyumbani hadi lami kubwa. Kifuani peke yake hakitoshi mkuu, bodaboda anayetokea nyuma haoni kitu. Mimi ni cheupe mbele, chekundu nyuma kiunoni, na rangi hizo msizichezee. Dereva kazoea kwamba nyekundu ni mgongo wa kitu. Kuna jamaa hukimbia na chekundu kifuani, ukiwa mbali unadhani anaenda kumbe anakuja.
Cha tatu kiko kwenye kifundo cha mguu, na hicho ndicho ninachokipenda. Kinapanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, jicho linajua papo hapo kuwa ni mtu. Taa iliyotulia inaweza kuwa chochote, hata taa ya geti.

Dereva wa Boda, Morogoro:
Niwaambie kitu ambacho abiria hawakijui. Kile kizibao cha riflekta tunachovaa, ukipanda nyuma yangu umekiziba chote. Wa kuonekana kwa anayetufuata ni wewe, na wewe umevaa koti jeusi! Mimi nimebana kitaa nyuma ya kofia ngumu ya abiria. Abiria wengine wanalalamika eti wanafanana na gari la wagonjwa. Wavumilie.

Mama Wawili:
Wanangu wanasubiri basi la shule kabla hakujapambazuka. Nimeweka kwenye begi, kwenye mkanda wa bega na si mgongoni, kwa sababu begi likivuliwa na kuwekwa chini taa inaangalia udongo. Lakini wazazi wenzangu, angalieni betri. Vingi vinatumia ile betri bapa ya duara, CR2032, kama ya rimoti ya gari. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye koo la chakula inaunguza ndani kwa ndani, na saa mbili tu zinatosha kuleta madhara makubwa. Hapo ni kukimbilia hospitali, sio kusubiri aitoe chooni. Nunueni chenye kifuniko cha skrubu au cha kuchaji kwa waya. Kile cha kufunguka kwa ukucha nilikirudisha dukani.

Mzee wa Mkokoteni, Nakuru:
Huku kwetu wenye mikokoteni ya punda wanatundika CD nzee nyuma. Inapendeza mchana. Usiku CD ni kioo tu, inarudisha mwanga upande wowote iliyoelekea, kwa hivyo dereva akikosa pembe yake haoni chochote. Riflekta ya kweli inarudisha mwanga kulekule ulikotoka, hata ikiwa imekaa upande. Mimi nina riflekta mbili nyekundu nyuma, moja kila kona, ili mtu ajue upana wa mkokoteni, na kitaa kimoja katikati. Kitaa betri ikiisha riflekta bado iko kazini. Usiache moja kwa ajili ya nyingine.

Mbongo Helsinki:
Mzee wa Nakuru umesema kweli. Huku Finland sheria ya barabarani inamtaka anayetembea nje gizani awe na riflekta. Desemba jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limeshazama, kwa hiyo kila mtu anayo, hadi bibi vizee. Ni kipande cha plastiki kwenye uzi, unakipachika kwa pini mfukoni mwa koti, kinaning'inia usawa wa goti. Chini kabisa, na ni kwa makusudi: taa za kawaida za gari zinamulika chini. Kukiweka begani ni urembo.

Jicho Kali:
Mnajiwashia taa ili vibaka wawaone vizuri, sio? Endeleeni.

Mleta mada:
Jicho Kali, hoja yako naikubali nusu. Kwenye barabara ya magari nawasha, nikikata uchochoro nazima. Kitufe kipo kwa kazi hiyo. Kibaka anahitaji kukufuata, gari halihitaji.
Na kuhusu kumwekamweka au kuwaka mfululizo: cha kumweka kinashtua jicho haraka na kinatunza betri, ila dereva anapata tabu kujua uko umbali gani. Mwenye viwili aweke kimoja hivi na kingine vile. Na masika haya, soma boksi: IPX4 kinavumilia manyunyu, IPX7 hata kikitumbukia dimbwini kinapona.

Binti wa Ng'ambo, Unguja:
Nyote mmesema mikanda na kofia. Mimi navaa baibui jeusi, na usiku hata jirani yangu hanitambui. Klipu kwenye mtandio inavuta kitambaa, ukikaza inachana, na ukibana ndani ndo mwanga umefunikwa. Mkoba nao unazunguka, mara uko mbele mara kwapani. Kwa sasa nakibana kwenye kamba ya kiatu nyuma, ila pindo likishuka linakiziba. Nimesikia vipo vya sumaku, kipande kimoja ndani ya nguo na taa nje. Kuna dada yeyote amevijaribu kwenye kitambaa chepesi? Vinashika, au ukipiga hatua vinadondoka?