Riwaya ya jumba la kifalme la Zanzibar: nimepigwa hela, na Bi Khole kachafuliwa jina

Wakuu, uzi huu ni mrefu na una hasira, asiyetaka kusoma apite tu.

Jina la kitabu silitaji wala la mwandishi, sitaki kesi. Walionacho watakijua kwa jalada lenye mwanamke aliyejifunika uso kashika taa. Kimetangazwa kwamba ni riwaya ya kihistoria, urafiki na siri za hatari ndani ya jumba la kifalme. Elfu thelathini na tano za madafu zimekwenda.

Sura ya kwanza tu, mwaka 1859, Salme na Bi Khole, mabinti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, wamesimama kwenye roshani ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) wanaangalia bandari, chini yao taa za umeme zinawaka. Aisee! Jumba hilo kalijenga kaka yao Barghash, 1883. Mwaka 1859 Barghash hana hata kiti, ndiyo kwanza anapanga kumpindua kaka yake Majid. Nikajisemea mhariri alisinzia, tusonge mbele. Nikasonga. Huko mbele nikakuta mabinti wa Seyyid Said wanasalimiana "mambo vipi", wakati kwenye jumba la Mtoni mbele ya baba yao lugha iliyoruhusiwa ilikuwa Kiarabu tu.

Haya, majengo na salamu namsamehe. Nisichomsamehe ni kwamba kisa chenyewe cha kweli kipo, kimeandikwa, kina urafiki na kina siri ya kukatwa kichwa, yeye kakitupa akatuwekea tamthilia ya jioni: Salme na Khole wanagombana kwa sababu ya mfanyabiashara wa Kijerumani! Mwaka 1859! Huyo Mjerumani, Heinrich Ruete, anaingia kwenye maisha ya Salme miaka ya baadaye. Salme alitoroka akiwa na mimba yake Agosti 1866, kwa manowari ya Waingereza iliyompeleka Aden, na Khole hakuwa na ugomvi wowote juu ya mwanamume huyo.

Sasa angalieni alichokitupa. Seyyid Said anafariki Oktoba 1856 akiwa baharini, anarudi kutoka Oman. Majid anakalia kiti, Barghash hajaridhika. Salme ni msichana ambaye utotoni alihamia na mama yake nyumbani kwa Majid, Bet il Watoro, na ni Majid huyo aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Mwaka 1859 kipindupindu kinamchukua mama yake, Jilfidan. Amebaki yatima, ana miaka kumi na mitano, na mtu anayemshika mkono ni dada yake Khole. Khole yuko upande wa Barghash. Kumpenda Khole maana yake nini? Maana yake ni kumgeuka kaka aliyekulea.

Na kina Barghash walimtaka Salme kwa jambo moja hasa: anajua kuandika. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme alijifunza kwa siri, ananakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, mpaka akampata mtumwa msomi wa kumnyoosha mkono. Basi wapanga njama wakamfanya karani wao. Barua za kwenda kwa wakubwa anaandika yeye. Maagizo ya bunduki, risasi na baruti anaandika yeye. Baadaye, kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anakiri kwamba alijua fika risasi alizokuwa akiagiza zingeua watu wasio na hatia.

Niambieni, mwandishi gani wa riwaya anapewa msichana huyu halafu anamfanya kazi yake iwe kuchungulia dirishani akimsubiri Mzungu? Kwenye kitabu hiki Salme hashiki kalamu hata mara moja. Barua zinaandikwa na "mzee mmoja wa baraza".

Na kutoroka kwa Barghash! Askari wa Majid wameizunguka nyumba. Khole na dada mwingine, Meje, wanakwenda wenyewe, wanawakabili walinzi, wanaruhusiwa kuingia kumwona ndugu yao. Wanamvisha nguo za kike, wanamfunga shela mpaka yanabaki macho, halafu wanawapanga wanawake warefu kuliko wote wamtembee ubavuni ili urefu wake usishtue mtu. Askari wanawapisha kwa heshima. Kutoka hapo ni moja kwa moja hadi shamba lililoitwa Marseilles, kwenye mapigano. Sultani wa baadaye wa Zanzibar kapita katikati ya askari akiwa amevaa shela! Mwandishi wetu kaona hiyo haitoshi, kampitisha kwenye handaki la chini ya ardhi hadi baharini.

Halafu Bi Khole. Kuna hadithi ya mtaani kuhusu ile safu ya miembe kwenye njia ya Bungi, huko Unguja, kwamba aliwatumia watumwa vijana wazuri kuiotesha kisha akaamuru wauawe. Hadithi hiyo inasimuliwa, sikatai. Mwandishi kaichukua kama ilivyo akaifanya sura nzima, na damu tele, na kicheko cha Khole juu. Na hao vijana kwenye sura hiyo hawana jina wala neno, wapo kwa ajili ya kufa tu.

Urafiki wenyewe ulivunjika kwa jambo dogo la kuumiza kuliko Mjerumani yeyote. Majid kaishinda njama kwa msaada wa Waingereza, Barghash kapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Baadaye akaomba nyumba ya Bububu alikokuwa akiishi Salme, apewe balozi wa Kiingereza. Salme akakubali. Balozi wa Kiingereza, baada ya Waingereza kumwangusha Barghash! Khole angemtazamaje tena? Hapo kulikuwa na sura tatu za kuliza watu. Kitabuni Bububu haipo kabisa.

NYONGEZA: Naona mnanijibu "ni riwaya mkuu, siyo kitabu cha historia". Sawa, basi atoe neno "kihistoria" kwenye jalada, na ile kurasa ya mwisho anayoshukuru kwa "utafiti wa miaka mingi" aichane. Aliyeniuliza kama duka lilirudisha hela: halikurudisha, muuzaji kasema kitabu kikishafunguliwa nailoni hakirudi.

Nakala yangu ipo, safi, imekunjwa kona sura ya kumi na mbili kwenye hilo handaki. Anayeitaka aje PM, namwachia kwa elfu tano, na nauli ya kuileta juu yake.